Isale Tumboni mwa Panya

Panya wa juu ana tumbo dogo kuliko kidole gumba changu. Unampasua kuanzia kifuani kushuka, unatoa mfuko wa chakula, unakamulia kilichomo kwenye kichupa, unafunga, unaandika namba, unachukua mwingine. Kazi hii niliisomea stashahada katika chuo cha wanyamapori, enzi ambazo bado kulikuwa na wanyamapori wa kusomea, na asubuhi ile niliifanya huku mwanangu amejikunja chini ya meza, anaimba.

“Mama, mimi ni panya,” alisema Aikande.

“Panya hawaimbi.”

“Wanaimba. Wewe tu huwasikii. Panya wanakula nini?”

“Magamba.”

“Na mimi ninakula nini?”

“Magamba.”

“Basi.”

Alikuwa na miaka mitano, na hoja zake alizifunga hivyo, kwa basi, kama mwenyekiti wa kikao.

Magamba ni ule ukoko wa kijivu na wa rangi ya kutu unaoota juu ya mawe, pale ambapo hata nyasi zimekata tamaa. Hapa Tandiko, kwenye uwanda mkavu kati ya Kibo na Mawenzi, hakuna kingine kinachoota bila kubembelezwa. Zamani watu walipita hapa na fimbo zao wakienda kupiga picha kileleni, wakalala usiku mmoja, wakashuka kwenda kuoga. Sisi hatukushuka. Joto lilipopanda kutoka nyikani na kukausha migomba ya Marangu ikiwa imesimama, tulipanda mbele yake, mpaka tukafika hapa, ambapo juu yetu yamebaki mawe matupu. Tulijenga vibanda vya mabati. Unga uliletwa na waya, kwenye vikapu vya chuma vilivyoning’inia kutoka bohari ya chini. Mwanzo vikapu vilikuja vimejaa. Baadaye vilikuja nusu. Sasa waya ulikuwa unalia kwa upepo tu.

Ndiyo maana tukawapa watoto chachu.

Wazo lilikuwa la Daktari Lwitiko, na simlaumu, lilikuwa wazo zuri. Wapanda mlima walipokwisha na makombo yao kuisha, kila mtu alitarajia panya wa juu wafe. Hawakufa. Walinenepa. Panya mwenye mistari mgongoni, uzito wake kama yai, anaishi kwenye mawe yaliyoganda ambako mtu mzima anahema akifunga kamba za viatu. Anakula nini? Tuliwapasua, mashine ikasoma vinasaba vya kilichokuwa matumboni, ikajibu: magamba, pamoja na wadudu wachache wanaopeperushwa na upepo kutoka chini na kufa kwa baridi. Ikaonekana kwamba panya huyu ana vijidudu tumboni vinavyogeuza ukoko wa mwamba kuwa chakula. Daktari akachukua vijidudu hivyo kutoka kwa panya wanene kuliko wote, akavizalisha kwenye mitungi vikawa chachu, akawanywesha watoto ambao bado wana meno ya utotoni. Kwa watu wazima havishiki. Kwa mtoto vikishashika havitoki: akionja ugali baada ya hapo, anajikunja na kuhara damu. Hayo tuliambiwa mapema. Tulikaa kikao, tukatazama magunia, tukanyoosha mikono.

Daktari aliingia akiwa amekumbatia kioo cha mashine kifuani kama mtoto mchanga. Ni mtu wa Rungwe, mrefu, lakini baridi ya huku imemshinda, anatembea amejifunga blanketi juu ya koti.

“Mama Aikande, nisaidie. Wewe ni mwenyeji wa mlima.”

“Mlima huu hauna mwenyeji siku hizi. Sema.”

“Panya wa Kokotoni. Mashine imetoa mmea ambao sielewi umefikaje. Ni wa msitu wa chini kabisa, majani marefu kama upanga. Tazama picha.”

Sikuhitaji kusogea karibu.

“Isale.”

“Ndiyo nini?”

“Linapandwa kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Tena ukimkosea mtu, unampelekea jani lake lenye fundo. Akilipokea, amesamehe. Hawezi kukataa.”

“Hata kama umemuibia ng’ombe?”

“Hata kama umemuibia mke.”

“Kwetu tungehitaji msitu mzima wa hilo jani,” alisema, akacheka peke yake. “Sasa panya kalipata wapi? Hapa hakuna hata mche mmoja.”

Mche haukuwepo. Kulikuwa na majani makavu, robota zima lililopandishwa na vikapu vya mwanzo kwa sababu wazee waligoma kuzika bila hayo. Pale Kokotoni, chini ya ukuta wa Kibo, ardhi imeganda na jembe linaruka. Marehemu analazwa ndani ya blanketi, anarundikiwa mawe. Kabla blanketi halijafungwa anapewa jani la isale, tumwombe radhi kwa kuwa hatukumzika kwenye kihamba chake.

“Yanatoka makaburini,” nilisema.

“Ah. Basi katafuna jani la juu ya kaburi. Hakuna ajabu.”

“Haliwekwi juu, Daktari. Linawekwa kifuani. Ndani ya blanketi.”

Aliacha kucheka. Aliweka kioo mezani, kati ya panya.

“Mashine imeonyesha nini kingine?” nilimuuliza.

“Yaleyale. Magamba, wadudu.”

“Na imeficha nini?”

Alinielewa, kwa sababu ndiye aliyenifundisha mashine ile. Kila sampuli inayopita mikononi mwa mtu inabeba vinasaba vya mtu: pumzi, unywele, ngozi ya kidole. Ukiviacha vinachafua majibu. Kwa hiyo mashine imetengenezwa kuvitupa kabla haijasema lolote. Pembeni mwa kioo kuna kisanduku kilichoandikwa ONDOA BINADAMU, kimewekewa alama tangu kiwandani, na hakuna anayekigusa, kama ambavyo hakuna anayepima mchele pamoja na sufuria yake.

Daktari alikigusa. Alama ikaondoka.

Mstari wa magamba ulisinyaa ukawa kama uzi. Juu yake ukaota mwingine, mnene, ukajaza kioo.

“Inaweza kuwa mikono yako,” alisema polepole.

“Soma jinsia.”

Alisoma.

“Kuna wanaume humu.”

“Hawa wote nimewapasua mimi. Vichupa nimefunga mimi. Wewe umevigusa?”

“Hapana.”

“Basi labda mikono yangu imeota ndevu.”

Chini ya meza wimbo ulikuwa umekatika. Nilipoinama kutazama, Aikande alikuwa amelala, mdomo wazi, asubuhi na jua lote lile.

*

Manka ni mke wa marehemu kaka yangu, Elisamia. Kibanda chake kinatazamana na changu, na hodi yangu huijibu kwa kunisimanga.

“Wifi, ukija mikono mitupu najua umekuja kuomba chumvi.”

“Sina hata cha kutia hiyo chumvi. Nderingo yuko wapi?”

“Amelala. Mtoto mzuri siku hizi, hasumbui. Unamkumbuka kabla ya chachu? Alikuwa analia njaa mpaka majirani wananiona mchawi. Sasa anakula bakuli lake la magamba, anashiba, analala. Juzi nikamwambia, nenda nje ukacheze. Akanijibu, ‘Mama, ninacheza humuhumu nikiwa nimelala.’ Nilicheka, wifi, mbavu zikaniuma.”

Nilienda kitandani nikamfunua. Wote tulikuwa tunayaona matumbo ya watoto wetu, mviringo, yamejaa, na tulikuwa tunasimuliana jinsi walivyoshiba. Nilitazama kilichobaki. Mikono yake ilikuwa imekonda kama vijiti vya kukorogea uji. Miguu, kinyume chake, imejaa. Nilibonyeza ugoko kwa kidole, nikaondoa kidole, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya kutu.

“Mbona unamminya?”

“Ninamtazama tu.”

“Wewe hujui kutazama tu. Hizo nywele ni jua. Jua la huku linachoma hata mabati.”

Nderingo alifumbua macho. “Shikamoo, shangazi,” alisema, kisha akayafumba kabla sijaitikia.

“Marahaba, baba.”

Manka alikuwa anakuna magamba kwenye jiwe kwa kisu butu, anayaloweka kwenye maji ya majivu ili uchungu utoke. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Alikuna vizuri, kwa bidii, hakuacha hata kipande kwenye nyufa. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na neno lilikuwa mdomoni kabisa.

“Nitarudi,” nilisema.

“Rudi na chumvi.”

*

Siku mbili baadaye nilimkuta Daktari anamwaga mitungi. Kundi la pili la watoto lilikuwa linywe wiki ileile. Alikuwa anamimina nje ya mlango, mtungi baada ya mwingine, na chachu ilikuwa inaganda juu ya vumbi kabla haijazama.

“Nimevilisha magamba peke yake kwenye chupa,” alisema bila kugeuka. “Vikafa. Nikavipa mafuta ya panya, vikaumuka mpaka kizibo kikaruka. Ni vijidudu vya nyama hivi, mama. Mimi nilichagua panya wanene. Sikujiuliza unene wameutoa wapi.”

“Na magamba?”

“Yanapita tu. Panya anajaza nayo tumbo wakati anasubiri kitu kingine.”

“Na watoto?”

“Wanajaza tumbo.”

Alimimina mtungi wa mwisho, akaukung’uta.

“Havitoki?” nilimuuliza, ingawa nilijua.

“Havitoki. Wakipewa unga watakufa kwa unga. Wakiachwa na magamba watakufa wameshiba. Wanataka nyama na mafuta, na walioanza mwanzo hawana muda mrefu.”

Tuliita bohari ya chini kwa redio. Aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya mafua. Nilimweleza kuwa tuna watoto kumi na wawili wanaohitaji nyama, yoyote.

“Nyama gani, dada yangu?” alisema. “Sisi tumemaliza hadi punda. Kama mnayo nyie huko juu, tushushieni.” Hakuwa anatania. Alinitakia kazi njema, akakata.

“Tuwaambie wazazi?” aliuliza Daktari.

“Watauliza wafanye nini. Una jibu?”

“Sina.”

“Basi tupike panya kwanza.”

Huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kuivisha hata dengu, kwa hiyo kila kitu tunapika kwenye sufuria ya presha. Panya tuliokuwa nao kwenye barafu niliwachuna wote, nikawachemsha mpaka mifupa ikawa laini. Kwa wazazi tulisema ni dawa ya kuongeza nguvu. Aikande alikunywa mchuzi akanyonya kijiko. Kesho yake asubuhi nilipotaka kumchana nywele aliniuma mkono, akakimbia, akazunguka kibanda mara mbili kabla sijamkamata. Nilimchapa kofi la matako, kisha nikakaa chini nikahema. Nilikuwa nimesahau kuwa mwanangu ni mkorofi.

Ulikuwa ushahidi ambao sikuutaka.

Tukatega kila tundu. Mwanzo walinaswa wa ghalani, kisha wa mawe ya karibu, kisha wa Kokotoni kwenyewe, na hao wa Kokotoni ndio waliokuwa na mafuta. Lakini panya mmoja ni vijiko viwili vya nyama, na mlima wa juu haukuwa na panya wengi kama tulivyodhani. Walikuwa wachache walioshiba. Ikafika asubuhi mitego yote ikawa mitupu, na iliyofuata hivyohivyo. Aikande akarudi chini ya meza. Hakuimba. Nderingo, Manka alisema, alikuwa anaamshwa kwa kumwagiwa maji usoni, na hata hapo anachukua muda.

“Inaelekea dawa yenu imemchosha,” Manka aliniambia. “Muipunguze.”

Nilikwenda kwa Daktari. Alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyozimwa.

“Kokotoni hakuna kinachooza,” alisema, akiiangalia mashine. “Baridi ile inatunza kila kitu.”

“Najua.”

“Mimi siwezi kukwambia, mama.”

“Hujaniambia.”

*

Nilipanda mchana, jua likiwa kali na upepo ukiwa mkali zaidi. Kokotoni si mbali, ila kila hatua unailipia kwa pumzi. Kaburi la Elisamia lilikuwa mstari wa pili, karibu na jiwe lenye umbo la kiti. Nilimchagulia mwenyewe, kwa sababu alipenda kukaa. Kaka yangu alikuwa mtu wa mizaha na tumbo kubwa. Alimpandisha Aikande mabegani kutoka Marangu mpaka hapa, akimwambia kila kona kuwa wanakaribia duka la pipi. Mapafu yake yalijaa maji mwezi tuliofika. Alikufa ameketi, kwa sababu akilala alikuwa anazama.

Kwa mbali rundo lilikuwa zima. Kwa karibu niliona vijia. Panya walikuwa wamepita kati ya mawe kwa miezi mingi, wakasugua, wakasafisha, mpaka vijia vikawa laini kama vya wenye mji. Niliondoa mawe ya kifuani tu. Blanketi lilikuwa na matundu madogo, kingo zake zimetafunwa kwa ustadi, na nje yake, kwenye upenyo wa mawe, kulikuwa na kipande cha jani kilichoburutwa kikaachwa. Isale, nusu yake, lingali na fundo.

Nilisema maneno machache kwa kaka yangu. Ni ya kwetu wawili. Kisha nilirudisha mawe, nikashuka na jani mkononi, bila glavu.

Manka alikuwa nje anaanika magamba juu ya bati. Aliliona jani kabla hajaniona uso.

“Umenikosea nini?”

“Bado sijakukosea.”

“Isale linaletwa baada ya kosa, wifi. Umeanza lini kulipa kabla?” Alitabasamu, akasogea. Kisha tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaondoka. Kwenye fundo kulikuwa na uzi mwekundu. Alishika kola ya sweta lake, pale ilipofumuka.

“Huu uzi ni wangu,” alisema. “Hili nililifunga mimi. Umelitoa wapi?”

“Tuingie ndani.”

“Umelitoa wapi?”

Tuliingia. Nderingo alikuwa kitandani, kichwa kimegeukia ukuta. Nilimweleza Manka yote, nimesimama, kwa maneno mafupi, kwa sababu maneno marefu ni ya mtu anayetaka kuhurumiwa. Panya wanakula nini. Chachu imetoka wapi. Shimo linalobaki kwenye ugoko maana yake nini. Dawa ya kuongeza nguvu ilikuwa nini na kwa nini imekwisha. Alisikiliza, mikono yenye maji ya majivu imening’inia, matone yanadondoka sakafuni.

“Kwa hiyo unataka mtoto ale baba yake.”

“Kuna wengine Kokotoni. Si lazima awe Elisamia.”

“Hao wengine ni baba za nani?”

Nililihamishia jani mkono mwingine.

“Nikisema hapana?”

“Ataanza Nderingo. Halafu Aikande. Halafu hao wengine wote.”

“Nikisema ndiyo, wataishi mpaka lini?”

“Mpaka Kokotoni paishe. Au waya uamke.”

“Waya hauamki.”

“Hauamki.”

“Halafu?”

“Sijui, wifi.”

Alitoa sauti iliyofanana na kicheko. “Miaka yote hii nikingoja siku utakayosema hujui kitu. Na imekuja leo.” Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alibonyeza ugoko wa mwanawe kama nilivyofanya mimi, akaliangalia shimo likikataa kujaa. Alibonyeza pembeni yake, likabaki la pili.

“Ulinikuta ninakuna magamba,” alisema. “Ulisimama pale mlangoni. Ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa ninajua.”

“Ukaniacha nikune.”

“Ndiyo.”

Nje upepo ulikuwa unapitia waya mtupu, unatoa ile sauti yake. Manka alijifuta mikono kwenye kanga, kila kidole peke yake.

“Wengine sitaki,” alisema. “Tukianza na wa mwingine, nitakwenda kwa mwenzangu kumwomba kitu ambacho mimi nimekificha chini ya mawe. Mama Aisia, ambaye naye amezika kule, nitamwangaliaje? Anza na wetu. Halafu tuwaite wote, tuwaambie kila kitu, na kila mama ajiamulie. Usimdanganye mtu mwingine kwamba ni dawa.”

“Sawa.”

“Lete hilo jani.”

Nilimpa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Hakulipokea papo hapo. Aliliacha kidogo mikononi mwangu.

“Nisikilize. Ningeweza kukataa. Hapa si kihambani, hakuna ukoo wa kunikemea. Sipokei kwa sababu ya mila. Kwa hiyo usije ukasema mahali popote kuwa ni mila iliyonilazimisha.”

“Sitasema.”

Akapokea.

“Nani atafanya?”

“Mimi,” nilisema. “Kazi hiyo nimeisomea.”

*

Siku ya pili, jua likiwa bado juu ya mabati, tulikaa ndani ya kibanda cha Manka, watu wanne na sufuria moja. Daktari alisimama nje ya mlango. Alisema anazuia watu wasiingie, lakini hakuna aliyekuwa anakuja.

Aikande nilimpakata, kwa sababu hakuweza kukaa mwenyewe. Manka alimwinua Nderingo, akamweka mto mgongoni, akamfungua kiganja cha kushoto. Akaweka lile jani humo, akakunja vidole vyake, kimoja kimoja.

“Shika.”

“Nini hii?”

“Isale. Mwambie baba akusamehe.”

Nderingo alifikiri. Ilimchukua muda. “Nimemkosea nini?”

“Hujamkosea. Shika tu, umwambie.”

“Baba, nisamehe,” alisema Nderingo kwa bati la juu, kwa sababu hakujua baba yake yuko upande gani.

Manka aliinamisha uso kwenye sufuria mpaka mvuke ukamfunika. Alipoinuka alikuwa ameshakuwa kama kawaida. Alichota, akapuliza, akamlisha. Mimi nilimlisha wangu.

“Mama,” alisema Aikande, “hii si magamba.”

“Si magamba.”

“Panya wanakula hii?”

“Wanakula.”

Nilingoja swali linalofuata. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu, nilikuwa nimejiapiza kuwa sitamdanganya. Alitafuna, akanitazama kwa yale macho makubwa ya mtoto aliyekonda, akameza.

“Basi,” alisema, akafungua mdomo kupokea kijiko kingine.

Ng’ambo ya jiko, Nderingo alikuwa amemaliza. Hakuwa ameomba chakula tangu siku aliyokunywa chachu. Tulikuwa tumemsifu sana kwa hilo. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umekaza isale, kama alivyoambiwa. Kwa mkono wa kulia aliokota bakuli, akalinyoosha kwa mama yake.

“Niongeze,” alisema.

Manka akaongeza.